Toa Chombo, Mheshimiwa

Sogeeni karibu, na kama nyumbani kwenu mna mizani, ifunikeni kwanza kwa kanga, isije ikasikia ikaanza kujivuna. Nchi nitakayoisimulia haipo. Nimeitafuta katika ramani zote mbili za shule ya msingi, sikuiona. Kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba amewahi kumpigia kura kiongozi ninayemtaja. Kama ulimpigia, nyamaza tu, tutasitiriana.

Basi nchi hiyo isiyokuwepo ilikuwa na majimbo kumi na sita, na pembeni kabisa kulikuwa na mji uitwao Sonavali, wenye soko kubwa kuliko mji wenyewe. Sokoni hapo alifanya kazi Bi Sulochana, Mkaguzi wa Mizani na Vipimo, Daraja la Tatu. Daraja la nne halikuwepo. Alikuwa mjane wa makamo, mfupi, mkavu wa maneno, na serikali ilikuwa imemkabidhi vitu vitatu: muhuri, daftari, na mizani moja ya chuma iliyoachwa na kiwanda cha pamba kilichofungwa. Mizani hiyo ilikuwa na jukwaa la ukubwa wa mlango, na juu yake uso wa duara wenye mshale mwekundu. Watu waliiita Shahidi, kwa sababu haikuwahi kusema uongo, na katika nchi hiyo ilikuwa peke yake.

Kila asubuhi Bi Sulochana alikaa na Shahidi wake katikati ya soko. Mtu akinunua gunia la vitunguu na roho ikasita, alilileta pale. Bi Sulochana alisubiri mshale utulie, kisha akatangaza: "Kilo hamsini na mbili, pamoja na chombo!" Na soko zima, hata wasiohusika, hata kinyozi mwenye wembe kwenye kidevu cha mtu, liliitikia: "Toa chombo!" Hapo gunia lilimwagwa, likapimwa tupu, uzito wake ukatolewa, na mnunuzi akalipia kilichokuwamo tu. Ndivyo walivyozoea toka enzi za mababu. Hata harusini, bwana harusi akiingia na kilemba kikubwa mno, mashangazi wa bibi harusi walipiga kelele "Toa chombo!" mpaka upara uonekane.

Bi Sulochana hakuwa na makuu. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kwamba pale Sonavali kilo iwe kilo. Shikeni hilo, maana ndilo lililomtia matatani.

*

Sasa kulikuwa na Bwana Gajendra Molkari. Huyu alianza maisha kwa kuigiza sinema. Katika filamu arobaini na moja aliigiza inspekta wa polisi, yule anayefika watu wakishakufa wote, akavua miwani, akasema: "Sheria imechelewa, lakini imefika." Watu walimpenda jamani! Mwizi wa kweli akikamatwa sokoni hakupelekwa kituoni, alipelekwa getini kwa Gajendra apigwe kibao kimoja cha heshima, kisha akarudi nyumbani akijisifu. Walimwita Kaka Mkubwa. Sanamu zake za mbao zilizochorwa rangi zilisimama barabarani, ndefu kuliko nguzo za umeme. Siku moja upepo uliangusha moja juu ya paa la posta, na watu wakafurika kuipa pole ile sanamu.

Akaingia kwenye siasa. Ndani ya miaka kumi na miwili alikuwa amepita vyama tisa. Waandishi walipomuuliza, alivua miwani. "Mimi sijawahi kuhama," alisema. "Nimesimama palepale. Vyama ndivyo vinavyonipitia." Chama cha tisa alikianzisha mwenyewe, akakiita Chama cha Alfajiri ya Mchana. Kuna waliomwita mwizi, kuna waliomwita mtakatifu, na Bi Tarabai, muuza vitunguu aliyekaa jirani na Shahidi, aliweza kumwita yote mawili kwa pumzi moja.

"Mwizi yule," alikuwa akisema, "Mungu amlinde!"

Alfajiri ya Mchana walidai jambo moja: Sonavali na vijiji vyake iwe jimbo la kumi na saba. Serikali kule mji mkuu ikakataa. Ndipo Gajendra akatangaza kwamba atafunga, asile kitu, mpaka jimbo lipatikane au roho imtoke.

Lakini katika nchi hiyo mtu hafungi ovyo ovyo. Kuna Sheria ya Kufunga kwa Nia ya Kisiasa, na kifungu chake cha kumi na nne kinasema hivi: mfungaji apimwe kila siku saa tatu asubuhi, hadharani, akiwa na nguo moja, mbele ya mkaguzi mwenye muhuri. Akipungua kilo kumi, serikali italazimika kukaa naye mezani. Akifa, serikali italeta rambirambi ndani ya siku thelathini za kazi. Na Sonavali nzima mwenye muhuri alikuwa mmoja.

Kitanda kikawekwa uwanjani chini ya turubai, Shahidi akaletwa, na Gajendra akalala akiwa ameshika kifua. Wapenzi wake wakaja na mashada. Si mashada ya maua, la hasha, maua hunyauka. Walileta mashada ya korosho, ya tini kavu, ya vipande vya halua vilivyofungwa kwenye karatasi za kung'aa, wakayatundika kitandani pande zote hadi ikabaki pua tu.

Siku ya kwanza Bi Sulochana alitangaza kilo tisini na moja. Siku ya pili, tisini na moja na nusu. Siku ya nne, tisini na tatu. Katibu Mwenezi wa chama, Bwana Pandurang, mtu mwembamba mwenye koti la mifuko minane, alimkimbilia huku anatweta.

"Bi Sulochana, unatumaliza! Mtu anayefunga ataongezekaje?"

"Hilo ningekuuliza wewe. Mimi napima, sipiki."

"Basi punguza. Kilo mbili tu, dada'ngu, kwa ajili ya nchi."

"Nikipunguza kwa ajili ya nchi, kesho muuza dagaa naye atakuja na nchi yake," alijibu Bi Sulochana, akafunga daftari.

Wala hakuwa kipofu. Aliona mashada yanaingia yamenona na kutoka yakiwa uzi mtupu. Lakini alikuwa ameagizwa kupima mtu, na fomu haikuwa na nafasi ya mashada.

Siku ya tano uwanja ulijaa pomoni. Mshale ukatulia. "Kilo tisini na nne na nusu!" alitangaza. Pandurang akafumba macho akisubiri mawe. Ndipo Bi Tarabai akaangua kilio kutoka kwenye kikapu chake cha vitunguu.

"Jamani! Uchungu wetu! Anakula uchungu wetu, ndio unaomnenepesha!"

Weee! Uwanja ulilipuka. Watu wakalia, wakakumbatiana, wakagaagaa vumbini. Habari ikafika mji mkuu, Baraza la Mawaziri likakaa kikao cha dharura. "Mtu asiyekula akipungua, tunajua mwisho wake," alisema Waziri Mkuu huku akijifuta jasho. "Huyu anaongezeka. Tukimwacha mwaka mzima itakuwaje?" Siku ya kumi na moja mfungaji alikuwa na kilo tisini na saba, na jimbo likatolewa.

Bi Sulochana alirudi nyumbani akiwa hana raha. Alisema kweli tupu kwa siku kumi na moja, na kweli hiyo ikamweka madarakani mla korosho. Lo, mambo haya yanataka moyo.

*

Gajendra akawa Waziri Kiongozi wa jimbo hilo jipya. Siku ya kwanza alitoka roshani, akavua miwani, machozi yakamtoka pale pale kama alivyozoea kazini.

"Uzito huu si wangu, ni wenu!" alinguruma. "Kila siku yangu ya kuzaliwa nitapimwa, na kila kata ya jimbo hili itapewa sukari sawasawa na uzito wangu, bure! Na mizani ile tukufu haitakanyagwa tena na vitunguu. Kuanzia leo ni Urithi wa Jimbo!"

Shahidi akajengewa nyumba ya vioo, akatandikiwa zulia jekundu, akawekewa askari wawili. Bi Sulochana alipandishwa hadi Daraja la Kwanza kwa haraka kiasi kwamba la pili lilirukwa, akapewa kiti cha kuzunguka. Alipotaka kuipeleka mizani yake sokoni, aliambiwa ajaze fomu namba nane. Fomu namba nane ilitakiwa kusainiwa na Mkaguzi wa Daraja la Tatu, na Mkaguzi wa Daraja la Tatu ndiye huyo aliyepandishwa. Cheo kilikuwa wazi. Aliandika barua kumi na moja, na kila moja ilijibiwa kwa kadi yenye picha ya Kaka Mkubwa akitabasamu.

Kule sokoni, kilo ikaanza kukonda. Mwaka wa kwanza ilikuwa gramu mia tisa. Mwaka wa tatu, mia nane. Wafanyabiashara hawakuona haya, walisema hiyo ni kilo ya jimbo jipya. Wanunuzi walipiga kelele "Toa chombo!" na sauti ikapotelea hewani, maana hapakuwa na wa kukitoa. Bi Sulochana alikuwa akipita jioni na kikapu, akinunua unga, akiupima kwa kiganja. Kiganja chake kilijua. Alikuwa akirudi nyumbani kichwa kinamuuma.

"Tarabai," alimwambia siku moja, "unapewa kikombe kimoja cha sukari kwa mwaka, na kila siku ya Mungu unapunjwa vijiko kumi. Huoni?"

"Wewe una wivu," alijibu Bi Tarabai, akipanga vitunguu vyake. "Nani mwingine aliwahi kutupa hata hicho kikombe? Tena nyamaza, si wewe mwenyewe uliyempima?"

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Huku nyuma jimbo zima lilikuwa limepata kazi moja, kumlisha Gajendra. Kila kilo aliyoongeza ni kilo ya sukari kwa kata, nani angelala? Kila kijiji alichozuru kilimtandikia sahani mia. Waziri wa Barabara aliteuliwa kwa sababu ya sambusa za mkewe, na Waziri wa Elimu kwa biriani ya mama yake. Watoto wa shule waliimba asubuhi, "Nenepa Kaka, nenepa, tupate chai tamu." Mwaka wa kwanza alipima kilo mia na tatu. Wa pili mia na kumi. Wa tatu mia na kumi na tisa. Wa nne mia na ishirini na saba. Wapinzani wakauliza maendeleo yako wapi. Alijipiga tumbo, likaitika. "Haya hapa," alisema, "au mnataka niyageuze myaone na upande wa nyuma?"

*

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na mlaji akisifiwa, hupata kisukari. Mwaka wa tano, mwaka wa uchaguzi, Gajendra alianza kuona kiu, kisha akaanza kukauka. Shavu likaenda, kidevu cha pili kikaenda, tumbo likarudi lilikotoka. Alipanda majukwaani na makoti matatu na mto wa kulalia kifuani, na watu wakasema Kaka anasikia baridi.

Wiki mbili kabla ya siku ya kuzaliwa, adhuhuri, Pandurang aliingia nyumba ya vioo akiwa na tabasamu.

"Bi Sulochana, ule mshale hausogezeki kidogo? Alama thelathini, arobaini hivi?"

"Unasogezeka. Mtu akipanda juu, unasogea."

"Tunaweza kukupandisha Daraja la Juu Kabisa. Lipo, tumelitunga jana." Tabasamu likaondoka. "Au tunaweza kukuhamishia milimani, ukapime ukungu."

"Ukungu nao una uzito wake," alisema Bi Sulochana. "Nitafungasha."

Siku ya pili yake akaja Gajendra mwenyewe, peke yake, bila king'ora. Aliwaambia askari watoke, akakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, kikamzungusha mara mbili kabla hajakidhibiti. Akavua miwani. Safari hii hakukuwa na kamera.

"Dada Sulochana, kwa macho tu, unaniona kilo ngapi?"

"Themanini na tano, Mheshimiwa."

"Themanini na nne," alinong'ona. "Daktari kanikataza wali, kanikataza halua, kanikataza embe. Ananipa karela, lile tango chungu, asubuhi, karela mchana, karela jioni. Karela, dada'ngu! Nikitoka nje wananiwekea sahani mia. Kula siwezi, kukataa siwezi. Wakijua nimepungua watasema nimewanyima. Hawa watu wananipenda kwa kilo."

Bi Sulochana alimwonea huruma, huruma ya kweli, maana mbele yake hakuona inspekta wala Waziri Kiongozi, aliona mzee mmoja mwenye njaa.

"Mheshimiwa, nikikuongezea kilo moja ya uongo, sitakuwa na uso wa kumtazama muuza dagaa."

"Muuza dagaa! Kila mara muuza dagaa! Kwani yeye ananipunja mimi?"

"Anatupunja sote, kwa sababu hapimwi. Nirudishie Shahidi sokoni. Sitaki cheo, sitaki kiti. Hilo tu."

"Nikishinda, dada'ngu."

"Ulishinda."

Gajendra alivaa miwani yake, akasimama mlangoni. "Sheria imechelewa," alianza, akasahau kilichobaki, akaondoka zake.

*

Siku ya kuzaliwa ikafika. Pandurang alikuwa ametafuta dawa. Alimshonea Kaka Mkubwa joho la dhahabu lenye risasi za nyavu za kuvulia samaki kwenye pindo zote, akamvalisha viatu vyenye soli ya chuma, akamtwika taji ambalo fundi wa magari alisaidia kulitengeneza. Gajendra alitembea hatua nane kwa robo saa, akitokwa jasho. "Tazama mwendo wa heshima!" watu walisema. Alipandishwa juu ya Shahidi na wanaume wanne.

Mshale ukapaa. Bi Sulochana akasubiri utulie, kama alivyousubiri kila siku ya kazi yake.

"Kilo mia moja thelathini na moja," alitangaza kwenye kipaza sauti, na Pandurang akanyanyua mkono ili bendi ianze. Lakini Bi Sulochana hakuwa amemaliza. "Pamoja na chombo."

Waliokuwepo wanabishana mpaka leo kama alikusudia au ulimi ulijiendea wenyewe kwa mazoea. Mimi simo. Ninachojua ni kwamba uwanjani kulikuwa na watu elfu ishirini wa sokoni ambao kwa miaka mitano hawakuwa wamelisikia neno hilo, na kiu iliwashika koo. Waliitikia wote kwa pamoja, kwa furaha, bila hata kufikiri:

"TOA CHOMBO!"

"Hapana, hapana!" alipiga kelele Pandurang. "Huyu si gunia, huyu ni Mheshimiwa!"

"Toa chombo!" walicheka watu, wakapiga makofi kwa mahadhi, mashangazi wa harusini wakiwa mstari wa mbele. Nani awazuie? Taji likatolewa, kilo nane. Viatu vikatolewa, kilo tisa. Joho lilipofunguliwa vifungo lilianguka lenyewe kwa kishindo, likamkanyaga Pandurang kidole gumba cha mguu. Kilo thelathini. Akabaki mzee mmoja ndani ya fulana, mbavu zinahesabika, miguu kama ya korongo.

"Kilo themanini na nne," alisema Bi Sulochana taratibu. "Bila chombo."

Gajendra alitazama chini. Bi Sulochana akajiambia, sasa wameona, sasa watauliza. Na kweli, mmoja akafungua kinywa. Alikuwa Bi Tarabai, machozi tayari yanamchuruzika.

"Jamani! Mwili wake wote katugawia! Miaka hii yote tunakunywa chai, kumbe tunamnywa yeye!"

Uwanja ukalipuka upya. Watu wakalia, wakakumbatiana, wakagaagaa. Bi Sulochana alitamani amtupie mtu muhuri. Lakini Gajendra, mwigizaji wa filamu arobaini na moja, hakukosea zamu yake. Alifungua mikono na fulana yake ile. "Ndiyo! Nimejigawa!" alilia. Na kwa furaha ya kuponea chupuchupu akakwapua kipaza sauti, akamshika Bi Sulochana bega. "Na huyu dada ndiye aliyewaonyesha. Omba chochote, dada'ngu! Mbele ya umma huu, chochote!"

Vipaza sauti vilibeba ahadi hiyo hadi ng'ambo ya mto. Bi Sulochana akainama kwenye kipaza sauti.

"Shahidi arudi sokoni. Leo."

Watu walishangilia mpaka turubai likatikisika. Pandurang alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu, lakini kidole kilimuuma na hakuna aliyemtazama.

*

Gajendra alishinda uchaguzi kwa kishindo, na Shahidi alirudi sokoni juu ya gari la ng'ombe. Mtu wa kwanza kuleta mzigo alikuwa Bi Tarabai. Kata yao ilikuwa imepokea gunia lake, limeandikwa kwa rangi nyekundu UZITO WA KAKA MKUBWA, KILO 84, naye alitaka soko zima lishuhudie.

Mshale ukatulia. Bi Sulochana akautazama mara ya pili, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kilo sitini na tisa, pamoja na chombo."

"Toa chombo," waliitikia, lakini kwa sauti ya chini.

"Sitini na nane."

Kata nyingine wakakimbilia magunia yao. Sitini na nane. Sitini na nane. Sitini na saba na nusu. Ghala la sukari ya Mheshimiwa lilikuwa la Pandurang, hilo kila mtu alilijua, ila hakuna aliyekuwa na mahali pa kulipima. Bi Tarabai alikaa chini juu ya vitunguu vyake.

"Mwizi yule," alisema. Watu walisubiri amalizie. Hakumalizia.

Kufikia Ijumaa mizani za wafanyabiashara zilikuwa zimekaguliwa zote, zilizosema kweli zikapigwa muhuri na nyingine zikafungiwa. Kilo ilikuwa kilo. Bi Sulochana alilala usingizi ambao hakuwa ameulala kwa miaka mitano. Wafanyabiashara wakamwendea Pandurang wakilia, Pandurang akamwendea Gajendra, na Gajendra akafanya lile alilolijua. Alitangaza kufunga mpaka kufa, kupinga udikteta wa mizani, hadi Urithi wa Jimbo urudishwe kwenye vioo.

Mtasema, Waziri Kiongozi anafungaje kuigomea serikali yake mwenyewe? Sheria ilikuwa haijakataza. Akipungua kilo kumi, angelazimika kukaa mezani na nafsi yake na kujikubalia. Na akiongezeka, ungekuwa muujiza, na nani anabishana na muujiza? Bi Sulochana aliligeuza jambo hilo kichwani pande zote akaona halina mlango. Akipungua Shahidi anaondoka, akinenepa Shahidi anaondoka. Alikwenda uwanjani asubuhi ya kwanza kama mtu anayekwenda mazikoni.

Kitanda kilikuwa palepale, na mashada yalikuwa yametundikwa. Safari hii korosho za chumvi tupu, kwa sababu ya daktari.

"Kilo themanini na nne," alitangaza. Akafungua daftari aandike.

"Na hayo mashada?" Sauti ilikuwa ya Bi Tarabai.

"Hayamo kwenye fomu!" alisema Pandurang.

"Kalala ndani yake, si ndiyo chombo chake?" alisema Bi Tarabai, mikono kiunoni. "Mimi vitunguu vyangu kila siku vinapimwa na chombo, kisha chombo peke yake. Kaka Mkubwa ana nini zaidi ya vitunguu?"

"Pima chombo!" ulisema uwanja. Bi Sulochana alimtazama rafiki yake, akahisi machozi yanamlenga, akayameza. Akayapima mashada moja moja, akayarudisha yote mahali pake. Kilo kumi na mbili.

Kesho yake saa tatu asubuhi hapakuwa na pa kukanyaga. Gajendra akapanda, akashuka. Mashada yakapanda, yakashuka.

"Mfungaji, kilo themanini na sita," alitangaza Bi Sulochana. "Mashada, kilo tisa."

Safari hii hakuna aliyelia muujiza. Watu wa Sonavali wanajifunza kutoa chombo kabla ya kujifunza kutembea, na uwanja mzima ulikuwa ukisogeza midomo. Bi Tarabai alihesabu kwa vidole.

"Mashada yamepungua tatu," alisema. "Kaka kaongezeka mbili." Akasogea mpaka kitandani, akainama. "Kaka Mkubwa, na ile moja?"

Gajendra aliwahi kujibu maswali ya waandishi wa vyama tisa, lakini katika maisha yake yote hakuwahi kuulizwa swali dogo na safi namna hiyo. Alivua miwani. Akaivaa. Kisha akanyoosha kidole.

"Hiyo kala Pandurang!"

Walicheka, jamani! Walicheka mpaka ng'ombe wa lile gari wakakata kamba. Pandurang alitimua mbio, na korosho zikawa zinamdondoka kutoka kwenye mifuko minane yote. Gajendra naye alishikilia uso wa inspekta kwa muda, ukamshinda, akacheka hadi akakaa chini vumbini na fulana yake. Mfungo ulikwisha saa tatu na dakika kumi, na Bi Sulochana akaandika daftarini sababu: "Hesabu."

Shahidi hakutoka tena sokoni. Jumatatu ya wiki iliyofuata kulikuwa na foleni ndefu, na katikati yake alisimama mzee mmoja mrefu mwenye miwani, amebeba kikapu cha karela alizonunua kwa mkono wake mwenyewe, kwani daktari hakuwa amelegeza kamba. Zamu yake ilipofika alikiweka kikapu juu ya jukwaa, akautazama mshale kwa wasiwasi kama mnunuzi mwingine yeyote anayeogopa kupunjwa.

"Kilo moja na robo," alisema Bi Sulochana, "pamoja na chombo!"

Kinyozi akaitikia, Bi Tarabai akaitikia, na juu ya sauti zote ikasikika moja nene, iliyonolewa kwa filamu arobaini na moja, ya yule mwenye kikapu:

"Toa chombo!"